Samaki Kumi na Mmoja wa Chemchemi

Ghala la samaki lilinuka spiriti hadi kwenye ngazi. Inspekta alipanda polepole, begi begani. Mara ya mwisho alipozipanda ngazi hizi alikuwa na pingu kiunoni na haraka ya kumaliza faili kabla ya mwisho wa wiki. Alilimaliza, na mzee mmoja akaenda gerezani miezi kumi na minne. Leo alirudi na kalipa ya kuazima, ile koleo ya kupimia milimita, daftari la mtu mwingine, na aibu ya kumtosha.

Kesi yenyewe ilijulikana kwa kila mtu katika kituo hiki cha utafiti. Kwenye rafu ya tatu kulikuwa na chupa yenye perege kumi na mmoja wa chemchemi, aina ambayo haipo tena kokote, maana chemchemi yao ilikauka na wenyewe wakaisha. Hao wa kwenye chupa ndio pekee waliobaki, nao walikuwa wafu. Miaka miwili iliyopita walikuja wataalamu wageni kuwapima, wakawakuta wafupi na wembamba kuliko kadi yao ya vipimo inavyosema. Wakatamka kwamba hawa si wa chemchemi, ni ndugu zao wa mtoni, samaki wa kawaida ambao mtu yeyote mwenye ndoano anawapata kabla ya chai. Kwa hiyo wale wa kweli wameibwa, na hawa wamewekwa kuzugia.

Ufunguo ulikuwa wa mpimaji wa kituo, mzee ambaye watu wote walimwita Milimita. Ndani ya droo yake ilikutwa barua ya mkusanyaji wa ng'ambo aliyetaka auziwe samaki wawili. Ni kweli kwamba msaidizi wake aliushika ufunguo huo wiki tatu, mzee alipokwenda kumzika mkewe, lakini nani angemshuku msaidizi aliyelia mahakamani mpaka akaletewa maji? Inspekta hakumshuku, na hakimu pia hakumshuku.

Sasa Milimita alikuwa nje, na rufaa yake ingesikilizwa Jumatatu. Alitaka mambo mawili tu. La kwanza, jina lake lisafishwe. La pili, aruhusiwe kuingia tena ghalani amalizie kazi aliyoianza ujanani, jedwali la kulinganisha vipimo vya perege ndugu watatu: wa ziwani, wa mtoni na wa chemchemi.

Aliyemwamsha Inspekta ni dada mkubwa wa mzee. Kila Alhamisi bibi yule alikuja kituo cha polisi, akaketi kwenye benchi, akasalimia, akaondoka saa sita. Hakutukana wala hakuomba. Wiki mbili zilizopita alikuja na daftari lenye jalada la kitambaa. Mdogo wake alikuwa amelibeba hadi msibani, alisema, maana mtu yule hata kwenye kilio hawezi kukaa bila namba. Likabaki kwake, na polisi hawakulitafuta kwa sababu hawakujua kama lipo. Inspekta alilipokea kwa heshima tu. Usiku ule ule alilisoma mpaka mwisho, na tangu hapo hakulala vizuri.

Mkuu wa ghala alimngoja mlangoni. Ndiye yule msaidizi wa zamani. Cheo kilimjia baada ya bosi wake kuondolewa. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe lililopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

"Karibu afande. Nilidhani ni kusaini tu zile karatasi za rufaa."

"Kusaini kutakuja, dada. Kwanza tupime."

"Tupime nini?"

"Hao kumi na mmoja."

Mkuu wa ghala alitazama saa ya ukutani, kisha akatazama rafu. "Walishapimwa, afande. Na mahakama ikakubali."

"Najua. Mimi ndiye niliyepeleka."

Chupa ilishushwa. Inspekta aliwatoa samaki mmoja mmoja kwa koleo dogo, akawalaza kwenye sinia, vichwa kushoto, kama daftari lilivyoelekeza. Alikuwa amejifunza kwa samaki wa sokoni wiki mbili nzima, mpaka mumewe akamwambia kama ameamua kufungua genge la samaki aseme mapema, wahame jikoni. Mwanzoni kila kipimo kilitoka tofauti. Baadaye aligundua kwamba kosa lilikuwa mkononi mwake: alikuwa anabana. Daftari lilisema kalipa iguse tu.

Alianza na nambari moja. Kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia.

"Themanini na sita," alisema. "Kadi inasema?"

"Tisini na sita."

"Kina cha mwili. Thelathini na moja. Kadi?"

"Arobaini." Mkuu wa ghala alivuta pumzi. "Ni yale yale ya wageni, afande. Kina kama hiki kwa urefu kama huu ni cha perege wa mtoni. Wa chemchemi alikuwa mnene."

"Kweli. Sasa kichwa."

Inspekta alishusha kalipa hadi ukingo wa shavu, akaisoma mara mbili.

"Thelathini na tano. Kadi?"

"Thelathini na sita," alijibu yule mama, kwa sauti ndogo.

Inspekta alifungua daftari mahali penye jedwali. Milimita alikuwa ameliandika kwa penseli, tarakimu ndogo zilizonyooka. Perege wa mtoni kichwa chake ni theluthi ya mwili. Wa ziwani hafiki hata hapo. Wa chemchemi ndiye mwenye kichwa kikubwa, na ndugu zake wote wawili hawamkaribii.

"Samaki wa mtoni mwenye urefu huu angekuwa na kichwa cha ishirini na tisa," alisema Inspekta. "Huyu tumbo lake linasema ni wa mtoni, kichwa kinasema ni wa chemchemi. Wageni hawakupima vichwa?"

"Walipima urefu na kina. Walisema vinatosha kuwatenganisha."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa naandika."

Walipima wote. Ilichukua saa nzima na nusu. Vichwa vyote kumi na kimoja vilikataa kuwa vya mtoni. Mkuu wa ghala aliandika kwa mwandiko mzuri, na kadiri namba zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kuinama juu ya karatasi.

"Inawezekana mwizi alichagua," alisema ghafla. "Wapo wa mtoni wenye vichwa vikubwa. Ni wachache, lakini mtu mzoefu akitafuta..."

"Atafute kumi na mmoja wenye vichwa vya karibu sawa na kadi, mmoja mmoja, halafu asahau matumbo?"

"Labda."

"Na kwa ajili ya nani? Yule wa barua nimemwandikia. Hakujibiwa na hakupata hata gamba. Ile barua Milimita aliitia kwenye droo akaisahau, kama mimi ninavyosahau bili."

Nje mtu alikuwa anafagia ua.

"Tuhesabu miiba," alisema Inspekta.

Hapo ndipo uso wa mkuu wa ghala ulipobadilika. Inspekta aliliona hilo na akalitunza. Alivuta kioo cha kukuzia, akachukua sindano, akainua pezi la mgongoni la nambari moja. Miiba kumi na mitano. Daftari: kumi na mitano. Nambari mbili vivyo hivyo, na nambari tatu. Nambari nne ilikuwa na kumi na minne. Akahesabu tena, akageuza ukurasa. Milimita alikuwa ameandika: *wa nne, kumi na minne, sijakosea*. Nambari tisa ilikuwa na kumi na sita, na daftari lilisema kumi na sita, shavu la kulia lina kovu. Inspekta alimgeuza samaki. Kovu lilikuwepo, fupi, jeupe.

"Lebo mtu anaweza kuzihamisha," alisema. "Miiba hawezi. Hawa ndio wenyewe, dada. Hakuna samaki aliyetoka humu. Sasa wewe ndiye mtaalamu, mimi ni askari tu. Ni kitu gani kinachokondesha nyama na kuacha mfupa?"

Mkuu wa ghala aliweka kalamu chini. Aliipanga sambamba na ukingo wa karatasi, kisha akaipangua tena.

"Jua," alisema.

"Endelea."

"Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimewatoa kuwapiga picha, nimewapanga kwenye sinia pale dirishani, kwa sababu ya mwanga. Shule wakapiga simu, mwanangu kaanguka, kavunjika mkono. Nikakimbia. Njia nzima nilijiambia nimewarudisha. Niliamini kabisa nimewarudisha."

"Ukarudi lini?"

"Jumatatu asubuhi. Wamekauka, wamejikunja. Ukiwagusa wanalia kama karatasi." Alifuta mikono kwenye koti ingawa haikuwa na maji. "Nikawatia kwenye spiriti. Ile kali, ya pipa. Nilidhani watainywa, watafura warudi walivyokuwa. Siku ya tatu nikawatazama. Walinyooka kidogo, lakini hawakufura."

"Hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani? Mwenyewe alikuwa msibani. Ningemwambiaje mtu aliyetoka kumzika mkewe kwamba nimemuulia na samaki wake?"

"Na wageni walipokuja?"

"Nilikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, nangoja waseme wameharibika. Nilikuwa tayari kusema, afande, Mungu ananiona. Wakasema wameibwa." Sasa alilia, bila kelele. "Nikasema moyoni, leo ninyamaze, kesho nitaeleza. Kesho yake mkaja nyinyi na gari."

"Kesho hiyo imekuwa miaka miwili."

"Alinifundisha kushika kalipa. Nilikuwa namwita baba. Wakati anapelekwa rumande aliniambia nisiache dirisha wazi, samaki hawapendi joto."

Inspekta alitaka kumdharau. Alijaribu kabisa, ikashindikana, kwa sababu ndani ya begi lake lilikuwamo lile faili la zamani, na ndani ya faili ukurasa wa sita, na kwenye ukurasa wa sita mwandiko wake mwenyewe. Alilitoa akalisukuma mezani.

Mkuu wa ghala alisoma kwa sauti. "Mtuhumiwa anaomba aonyeshwe samaki. Imekataliwa." Akainua macho. "Kwa nini?"

"Mtuhumiwa hashiki kielelezo. Ndio utaratibu."

"Hakuhitaji kuwashika."

"Angewaona tu, angejua?"

"Angejua kabla hujaitua chupa mezani."

Inspekta alijua jibu hilo kabla hajauliza, lakini lilimwuma kama habari mpya. Alichukua karatasi ya maelezo, wakaandika pamoja, tarehe kwa tarehe. Ijumaa, Jumatatu, siku ya spiriti, siku ya wageni. Mkuu wa ghala alisaini kila ukurasa.

"Nitafungwa?"

"Sijui, dada. Hilo si la kwangu. La kwangu lilikuwa kuuliza maswali, na sikuuliza."

Alasiri ile ile alikwenda nyumbani kwa dada wa mzee. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na ua wa saruji. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Milimita alikuwa kwenye kigoda kando ya ukuta, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, anachonga penseli kwa wembe. Alikuwa amekonda. Mahakamani alikuwa na shingo ya kujaza kola.

"Leo si Alhamisi, mwanangu," alisema bibi. "Au zamu ya benchi imegeuka?"

"Imegeuka, mama. Shikamoo. Shikamoo mzee."

"Marahaba." Milimita alisogea kumpisha kivulini. Hakuonyesha chuki, na Inspekta aliona afadhali angeonyesha.

Aliwaeleza akiwa amesimama. Alisema samaki hawakuibwa. Alisema miiba imelingana yote, wa nne kumi na minne, wa tisa kumi na sita, na kwamba msaidizi amekiri na kusaini. Jumatatu yeye mwenyewe angesimama mbele ya jopo la majaji na kueleza jinsi polisi walivyokosea.

Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika hadi mlangoni. Bibi alimshika mdogo wake mabega akamtikisa. "Umesikia? Umesikia wewe? Hukuiba! Nilisema mimi, niliwaambia wote mtaa mzima, wakanicheka! Ngoja nimwite jirani, yule mwenye mdomo, aje asikie kwa masikio yake!"

Wembe ulikuwa bado mkononi mwa Milimita, na Inspekta aliuchukua taratibu akauweka dirishani.

"Kwa hiyo walikauka," alisema mzee hatimaye.

"Ndiyo, mzee."

"Siku tatu, juani."

"Ndiyo."

"Kule ndani," alisema, "kila nilipolala nilikuwa namwombea mwizi. Usicheke. Nilisema, mtu anayeiba samaki kama hawa anajua ni nini. Atawaweka mahali pa baridi. Atawabadilishia spiriti. Siku moja atakufa, na watoto wake hawatajua wafanye nini nao, watawarudisha. Nilikuwa nalala kwa hiyo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa unaniambia hakukuwa na mwizi."

Bibi alikuwa amefika mlangoni kumwita jirani. Alirudi akaketi chini, katikati ya maharage yake.

"Aliwatia kwenye spiriti gani?" aliuliza Milimita.

"Kali. Ya pipa."

Mzee alifumba macho. "Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Angewalowesha kwanza. Maji na sabuni kidogo, pole pole, mpaka walainike. Halafu spiriti hafifu, halafu ndipo kali. Kali inaifunga nyama. Kila siku inaifunga zaidi." Alifumbua macho. "Mbona hakunipigia? Hata kaburini ningepokea."

"Alisema aliogopa. Na hakujua la kufanya. Hukumfundisha hilo?"

"Sikumfundisha." Alifikiri kidogo. "Miaka yote ile sikuwahi kuacha samaki akauke, basi sikuona sababu ya kumfundisha mtu afanyeje akikausha. Niliona kama ni kumfundisha uzembe. Hilo ni langu."

Inspekta angeweza kuondoka hapo. Karatasi zilikuwa zimekamilika, mzee alikuwa amesafishwa, na hakuna aliyemwuliza juu ya ukurasa wa sita.

"Mzee, uliniomba uwaone. Chumba cha mahojiano, mara ya pili. Nilikataa."

"Nakumbuka."

"Nimekuja kuomba radhi kwa hilo."

Milimita alitikisa kichwa, lakini si kwa kukubali wala kukataa. Midomo ilikuwa inacheza. Inspekta alitambua kwamba anahesabu.

"Wageni walikuja lini, ukianzia Jumatatu ile?"

"Siku ya kumi."

"Mimi nikakamatwa ya kumi na nne, niliporudi tu kutoka msibani. Mara ya pili uliponihoji ilikuwa baada ya siku mbili." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alipofika. "Siku kumi na sita. Kumi na sita spiriti haijafunga yote. Ningewarudisha."

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema bibi. "Mtu amekuletea heri nyumbani, unamhukumu?"

"Simhukumu, dada. Ndivyo kazi ilivyo. Si wote, wadogo wangekuwa wameshaenda. Lakini ningewarudisha."

Inspekta aliketi kwenye sakafu ya saruji, akalifungua begi magotini na kutoa karatasi nyingine ya maelezo. Juu, mahali pa jina la anayetoa maelezo, aliandika jina lake mwenyewe na cheo chake. Aliandika tarehe ya mahojiano, ombi la mtuhumiwa, na jibu alilompa. Aliandika polepole ili mwandiko usomeke.

"Wangapi, mzee?" aliuliza. "Ningekuruhusu siku ile, ungewarudisha wangapi?"

Milimita alihesabu, vidole vikiguswa kimoja kimoja na kidole gumba.

"Wanane," alisema. Kisha akainua mkono kumzuia. "Hapana, andika saba. Wa nane sina hakika."

Inspekta akaandika saba.